Tunauziana Ujuzi kwa Lumbesa

Kila mtu aliyewahi kushinda sokoni anaijua lumbesa. Ni lile gunia la viazi lililojazwa mpaka likaota kichwa, kichwa kikashonewa wavu na kamba, halafu mkulima akalipwa bei ya gunia moja kana kwamba kile kichwa ni hewa. Mwaka 2019 serikali ilitoa kanuni za viazi zilizosema gunia lisizidi kilo 50. Kanuni poa kabisa. Lakini shambani ambako hakuna mizani, bei inapangwa na macho ya broka, na macho ya broka yakikosea huwa hayakosei kwa faida ya mkulima.

Hivyo ndivyo tunavyouziana ujuzi wa teknolojia hapa Kenya: kwa macho. Mhadhiri anakadiria, fundi anakadiria, mwanahabari anapiga picha makadirio yao na kuyaita uvumbuzi. Mizani haijaletwa. Mimi nasema hivi: asiyepima hana ujuzi wa kuuza, awe na digrii tatu au awe na miaka thelathini kwenye kibanda. Na lawama ya kwanza iwaendee wale wenye vipimo waliovifungia kabatini.

Ili tusipotelee hewani, nitashika kitu kimoja kidogo kinachotosha kiganjani. Pete ya feraiti.

Vunja chaja ya laptop iliyokufa, au pawa saplai ya kompyuta ya mezani, au ile balbu ya zamani ya kuokoa umeme iliyojipinda kama mkia wa nguruwe. Ndani utakuta pete nyeusi au ya kijivu, pengine imepakwa rangi ya kijani, imezungushiwa waya wa shaba. Hiyo ndiyo feraiti. Ni oksidi ya chuma iliyochanganywa na manganizi, nikeli au zinki, ikasagwa, ikafinyangwa, ikachomwa kwa moto mkali kama chungu. Ukiiangusha sakafuni inapasuka kama chungu pia. Wajapani wawili, Yogoro Kato na Takeshi Takei, ndio walioianzisha Tokyo mwaka 1930, na kampuni ya TDK ilianzishwa mwaka 1935 ili kuitengeneza kwa wingi. Leo iko kila mahali, na inatupwa kila mahali.

Zungusha waya kwenye pete hiyo na umepata indakta. Kazi yake ni kupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo wa umeme: inameza nishati kidogo, inaiweka kwenye uga wa sumaku, kisha inairudisha. Bila koili za aina hii huwezi kuwa na redio, wala chaja ya simu, wala inveta ya sola. Uwezo wa koili kufanya kazi hiyo unaitwa indaktansi, na kipimo chake ni henri.

Pete si ngumu kupata. Pita vibanda vya Luthuli Avenue au kwa fundi yeyote wa mtaa, utazikuta kwenye mkebe wa vitu vya "huenda vikahitajika". Shida ni kwamba pete haina jina. Haijaandikwa chochote. Muulize mwenye mkebe.

"Fundi, hii ni ya nguvu gani?"

"Hiyo ni kubwa, kijana. Hiyo inabeba."

Inabeba nini? Kiasi gani? Mpaka wapi? Hapo ndipo mazungumzo yanapoishia, unatoa shilingi zako, unaenda nyumbani na lumbesa ya pete.

Sasa sikia jinsi ilivyo rahisi kutoka hapo.

Ivue pete waya wake wa zamani. Ukiona kingo ni kali, izungushie utepe mwembamba, maana kingo za feraiti hukwangua vanishi ya waya na kuleta shoti. Chukua waya wa shaba wenye vanishi, hata ule uliotoa kwenye mota iliyoungua utafaa kama vanishi yake haijachomeka. Upitishe kwenye shimo mara kumi, ukiusambaza kuzunguka pete badala ya kuurundika sehemu moja. Hesabu kila waya unapopita ndani ya shimo, usihesabu unachokiona nje. Waya ukipita shimoni mara moja tu na kwenda zake, huo tayari ni mzunguko mmoja. Watu wengi wanaukosa huo mmoja, na kwenye koili ya mizunguko mitano kosa la mmoja linaharibu hesabu yote. Kwangua vanishi kwenye ncha kwa wembe au msasa mpaka shaba ing'ae, la sivyo kipimo chako kitasoma vanishi.

Sasa pima. Kuna kifaa kidogo cha bei nafuu kinachotumia chipu ya ATmega328, mafundi wanakitumia kukagua transista na kapasita. Hicho hicho kinapima indakta. Tuseme kimekuonyesha milihenri 0.12, yaani maikrohenri 120. Gawanya kwa mizunguko mara mizunguko, yaani kumi mara kumi. Unapata maikrohenri 1.2 kwa mzunguko mmoja wa kwanza. Hilo ndilo jina la pete yako. Wenye viwanda wanaliandika kwenye karatasi zao za data kwa herufi AL, lakini wewe hukuhitaji karatasi. Umeiuliza pete yenyewe ikakujibu.

Kuanzia hapo huna haja ya kubahatisha. Indaktansi hukua kwa mraba wa mizunguko: ukizidisha mizunguko mara mbili, indaktansi inaenda mara nne. Unataka milihenri 1? Gawanya 1,000 kwa 1.2, tafuta kipeuo cha pili, unapata 28.9. Zungusha mara 29. Imeisha.

Huna hata hicho kifaa? Tafuta kapasita ya plastiki ya maikrofaradi 1, iunganishe sambamba na koili yako. Hizo mbili zikikaa pamoja zinakuwa kama kengele: zina mtetemo wao mmoja wanaoupenda kuliko mingine. Pakua programu ya simu inayotoa mlio wa namba unayoitaka. Toa mlio huo kupitia tundu la spika za masikioni, upitishe kwenye rezista ya omu 1,000 hadi kwenye koili na kapasita, kisha rekodi kinachotokea hapo kwa tundu la maikrofoni la laptop kuukuu. Panda polepole. Kwa koili yetu ya maikrohenri 120, mlio utavimba ghafla karibu na mitetemo 14,500 kwa sekunde. Ongeza mizunguko kutoka kumi hadi ishirini, utimilifu wa mlio utahamia karibu 7,250. Nusu kamili. Hakuna mhadhiri, hakuna cheti, hakuna mtu wa kukuambia "niamini". Umesikia kwa masikio yako sheria ya mraba ikifanya kazi kwenye takataka.

Na kipimo chochote cha kweli kinakuambia pia kisichokijua. Kapasita yako ikiwa na herufi J, kiwandani waliruhusu ipungue au izidi kwa asilimia 5. Ikiwa na K, ni asilimia 10. Kosa hilo linaingia lilivyo kwenye jibu lako la indaktansi. Kwa hivyo ukiniambia pete yako ni 1.2, na kapasita yako ni ya K, nitaelewa kwamba iko kati ya karibu 1.1 na 1.3, na bado tutaheshimiana. Anayesema "inabeba" hana nafasi ya kukosea kwa asilimia 10, kwa sababu hajasema kitu ambacho kinaweza kukosewa.

Sasa tuingie vita.

Wa kwanza ni darasa. Nilisomea uhandisi wa umeme mpaka mwaka wa tatu nikaondoka, ada na mambo mengine, sitafuti huruma. Nilikokuwa nikisoma, tuliandika hesabu ya indaktansi ya pete ubaoni. Tukaifanyia mtihani. Tukaifaulu. Katika miaka hiyo mitatu sikuona mtu akizungusha waya hata mara moja. Praktiko tulizifanya watu kumi na wanane kwenye meza moja, wawili wakishika vifaa, wengine wakinakili namba, na ripoti za waliotutangulia zikipita mkononi kwa mkono zikiwa na majibu yale yale hadi desimali ya mwisho. Oskiloskopu zilikuwepo. Zilikuwa kwenye kabati la kioo lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mtu ambaye siku zote alikuwa ametoka kidogo.

Usidhani hilo lilianzia chuoni. Waliofanya fizikia ya sekondari wanajua kupika data. Grafu lazima inyooke, kwa hivyo unachora mstari kwanza halafu unatafuta namba zinazoukalia. Unapata alama zako. Umejifunza kwamba ulimwengu ukikataa kukubaliana na kitabu, ulimwengu ndio wa kufutwa kwa rababu. Mtoto aliyefunzwa hivyo kwa miaka minne, mnashangaa akija kusaini cheti cha jengo ambalo hajalikagua?

Wa pili ni kibanda, na hapa najua nitachokoza watu ninaowapenda. Tuna ugonjwa wa kumpamba fundi wa jua kali. Waandishi wa rika langu tumeandika mashairi na insha kuhusu mikono yake myeusi, hekima yake, jinsi anavyosikiliza mashine kama daktari. Mikono ile ni ya kweli. Kuna mzee mmoja ninayemjua huko Umoja anayeweza kugusa pete na kukuambia ilitoka kwenye kifaa gani, na mara nyingi yuko sahihi. Lakini muulize kwa nini, atakuambia "uzoefu". Uzoefu huo hauna namba, kwa hivyo hawezi kumwachia mwanafunzi wake isipokuwa kwa miaka kumi ya kukaa kando yake akipokea mateke. Hawezi kuuandika. Hawezi kuutetea mbele ya mteja anayesema "mbona bei hiyo?" Akifa, tunazika maktaba, tunaandika shairi lingine.

Ndiyo maana analipwa kidogo. Tunapenda kusema fundi analipwa kidogo kwa sababu nchi haithamini kazi ya mikono. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba asiye na mizani hupangiwa bei na mwenye mizani. Koili inayotoka ng'ambo inakuja na karatasi: indaktansi hii, mkondo huu, joto hili. Koili ya fundi inakuja na neno lake. Mwenye kampuni ya sola akitaka koili mia mbili, atamchagua nani? Na wewe ungemchagua nani, kama paa la nyumba inayoweza kuungua ni la mama yako?

"Lakini redio zinaongea!" najua utasema. "Mafundi wametengeneza bila kupima tangu enzi za babu zetu na redio zinaongea." Sawa. Wanaotengeneza wanarudisha kilichokuwepo: koili iliyoungua ilikuwa na mizunguko 40 ya waya wa unene huu, wanahesabu wakiifungua na kurudisha 40 ya unene ule ule. Hiyo ni kazi safi, na ukitazama vizuri utaona ni kupima. Aliyekipima alikuwa mhandisi wa ng'ambo, fundi anaazima kipimo chake. Siku ukitaka kutengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwepo, hakuna wa kumwazima. Nchi isiyopima itabaki kuwa nchi ya kurudisha vilivyoharibika.

Na kipimo kimoja hakitoshi. Hapa nawaomba wale waliofurahia ile hesabu yangu ya mizunguko 29 wasikimbie bado.

Tuseme umezungusha hiyo 29, kifaa kinasoma milihenri 1 safi, na unataka kutumia koili hiyo kushusha umeme wa betri ya pikipiki ili uchaji simu. Ukiwasha, transista inachemka na kupasuka. Unabadilisha, inapasuka tena. Kifaa chako hakikudanganya. Kiliulizwa swali lingine. Kilipima pete ikiwa na mkondo mdogo sana, na wewe umeitwika mzigo.

Feraiti hushiba. Ikifika kama tesla 0.3 hadi 0.5 ya sumaku, kulingana na aina na joto, haiwezi kumeza zaidi. Kuanzia hapo koili si koili tena, ni waya tu, na mkondo unaruka juu bila breki. Tuchukue pete yetu ya 1.2, tuseme unene wake ukiukata ni milimita za mraba 30, na tuweke mpaka kwenye tesla 0.3. Ukipiga hesabu, pete hiyo inavumilia jumla ya ampea 7.5 ukizigawa kwa mizunguko. Kwa mizunguko 29, hiyo ni robo ya ampea. Chaja ya simu inataka ampea moja au mbili. Na ukisema "basi niongeze mizunguko iwe na nguvu", umejimaliza: mizunguko 58 inakupa milihenri 4 kwenye kifaa, na mpaka unashuka hadi ampea 0.13. Namba uliyoifurahia imepanda mara nne na kazi yenyewe imekuwa mbovu mara mbili.

Sasa rudi kwenye mkebe. Kuna pete nyingine humo, ya manjano yenye upande mmoja mweupe, imejaa kwenye pawa saplai za kompyuta. Hiyo kwa kawaida si feraiti. Ni unga wa chuma uliogandishwa kwa gundi, na nafasi ndogo ndogo kati ya chembe ndizo zinazoifanya isishibe haraka. Izungushie mizunguko kumi, upime. Kile kifaa cha bei nafuu, ambacho hatua yake ndogo kabisa ni milihenri 0.01, kitakuonyesha 0.01 na pengine kinung'unike. Anayetazama namba bila kujua swali ataitupa na kuchukua ile ya kijani iliyosoma 0.12. Kumbe iliyodharauliwa ndiyo ingebeba ampea zako.

Nimekaa hapo kwa makusudi, kwa sababu kuna kundi la tatu linalodhani linapima kwa kuwa linataja namba. Hao ni wa majukwaani. Hakathoni, shoo za uvumbuzi, mitandao. "Programu yetu imepakuliwa mara elfu kadhaa." "Jiko letu linaokoa asilimia kadhaa ya makaa." Ikilinganishwa na nini? Ilipimwa na nani, ikibeba mzigo gani? Namba iliyopimwa bila mzigo ni ile 0.12 kwenye pete ya kijani. Inapendeza kwenye slaidi, inaungua kazini.

Halafu kuna wale wa umeme wa bure. Umeziona video. Kijana ana pete kubwa, waya, sumaku mbili, anaunganisha balbu, balbu inawaka, muziki unapanda, maoni yanamwagika: serikali imsaidie, wazungu watamwibia, Mwafrika ana akili. Mara nyingine chombo kikubwa cha habari kinamfuata na kamera. Mpaka leo sijaona mwanahabari mmoja akiuliza swali ambalo mama mboga anamuuliza mwenye gari la viazi: imeingia ngapi, imetoka ngapi? Wati zinazoingia, wati zinazotoka. Mita mbili za kawaida na dakika tano. Pete haizai umeme. Inaweka na kurudisha, na kila mara inarudisha kidogo pungufu kwa sababu nyingine imegeuka joto. Ukiona inatoa zaidi ya iliyopewa, tafuta betri chini ya meza.

Mnadhani kumsifu yule kijana bila kumpima ni upendo. Ni dharau. Mtoto wa Mjerumani akileta mashine, ataulizwa maswali mpaka atokwe jasho, kwa sababu wanamchukulia kama mtu mzima. Wetu anapigiwa makofi kama mtoto wa shule ya chekechea aliyechora ng'ombe mwenye miguu sita. Wiki ijayo kamera zimeondoka, na yeye yuko na mjomba aliyeuza shamba kumfadhili. Hakuna aliyempa nafasi ya kugundua mapema, kwa bei ya dakika tano, kwamba njia ile haipiti.

Kuna anayesubiri kunirukia: wewe mwenyewe umeacha chuo, si Faraday naye hakusoma? Si hao wakubwa wote waliacha shule? Tuongee kuhusu Faraday basi, maana pete hii ni yake. Tarehe 29 Agosti 1831, kule London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma laini, yenye upana wa kama sentimita 15, akaizungushia waya wa shaba pande mbili, akitenganisha waya kwa kitambaa cha pamba na uzi kwa sababu hakukuwa na waya wa vanishi dukani. Aliunganisha betri upande mmoja, upande wa pili akaweka sindano ya sumaku. Sindano ilitikisika alipounganisha na alipokata tu. Katikati, kimya. Mtu mwingine angesema jaribio limekataa. Yeye aliandika alichokiona, na kile kimya cha katikati kilikuwa nusu ya ugunduzi: ni mabadiliko ya mkondo yanayofanya kazi, mkondo wenyewe ukitulia haufanyi kitu.

Ndiyo, Faraday alikuwa mwanafunzi wa fundi wa kujalidi vitabu, na shule yake ilikuwa ndogo. Lakini wanaopenda kumtaja wanaishia hapo. Hawasemi kwamba mwaka 1813 taasisi ya kifalme ya sayansi pale London ilimwajiri kama msaidizi wa maabara. Miaka kumi na minane kabla ya ile pete, kuna mtu alimfungulia mlango kijana wa kujalidi vitabu akamwonyesha vifaa vilipo. Kipaji alikuwa nacho. Waya angeupata. Lakini bila huo mlango tungekuwa na vitabu vilivyojalidiwa vizuri sana.

Kwa hivyo sitaki kusikia hadithi za wakacha-shule mashuhuri. Nataka kusikia habari za kabati.

Kumbuka kipimo ambacho kile kifaa cha bei nafuu hakiwezi: pete inashiba wapi. Njia ya kukiona ni kuipa koili umeme kwa kipande kifupi sana cha muda na kutazama mkondo ukipanda kwenye oskiloskopu. Unapanda kama mstari ulionyooka, halafu mahali fulani unapinda ghafla kwenda juu. Pale unapopinda ndipo pete iliposhiba. Kazi ya dakika mbili. Fundi mwenye mkebe wa pete mia tatu hana oskiloskopu. Chuo chenye oskiloskopu hakina pete hata moja. Kati yao kuna safari ya matatu moja, na kufuli.

Hivyo, ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti mpya wala warsha ya hoteli. Kila chuo kikuu cha umma na kila chuo cha ufundi chenye maabara ya umeme kifungue maabara hiyo Jumamosi, saa tatu hadi saa nane, kwa yeyote anayekuja na kitu cha kupima. Aandikishe kitambulisho mlangoni. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wawe pale, na hiyo ndiyo iwe praktiko yao: mtu mmoja, pete moja, jibu ambalo halimo kwenye ripoti ya mwaka jana. Mzee wa Umoja alete mkebe wake. Atajifunza namba, na wao watajifunza jinsi ya kushika waya. Vifaa vitaharibika? Vitaharibika. Kwa sasa vinazeeka vikiwa vizima, na hakuna hasara kubwa kuliko kipimo kinachokufa bila kupima.

Wakikataa, tujue wanalinda nini. Vifaa vile vilinunuliwa kwa kodi, ikiwemo ile anayokatwa fundi kila anaponunua salio.

Na wewe msomaji, hata kama kazi yako ni kuandika au kupiga picha na hujawahi kushika waya, usijitoe. Siku utakapotumwa kuandika habari ya mvumbuzi, nenda na swali la ngapi. Siku rafiki yako atakapokuonyesha biashara yake mpya, muulize ilipimwa ikiwa na mzigo au bila. Atanuna. Akirudi na jibu, mtakuwa marafiki wa kweli.

Kwa wale wenye mikono inayowasha: tafuteni pete wikendi hii. Zungusheni kumi, pimeni, zungusheni ishirini, pimeni tena. Kama ya pili haikaribii mara nne ya ya kwanza, msirekebishe data. Rudini mhesabu mizunguko, mkague vanishi, mjue kwa nini. Mkiipata namba, iandikeni juu ya pete yenyewe kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na tarehe, kisha irudisheni kwenye mkebe. Atakayeiokota baada yenu asianze upya na "inabeba".